Nusu Chumvi, Nusu Mto

Sogeeni, wanangu. Kitendawili! Jina langu nusu chumvi, nusu mto, na baharini sijawahi kufika. Mimi nani?

Mmeshindwa? Basi nipeni mji. Na jibu lenyewe ni mji, au tuseme kitongoji: Saltaire, kando ya Bradford, kaskazini mwa Uingereza. Mto upitao hapo ni Aire. Na hiyo "salt" si ya kutia mchuzini; ni jina la mwenye kiwanda, Titus Salt.

Bwana huyu alitajirishwa na alpaka, binamu wa ngamia asiye na nundu, afugwaye milimani Peru. Mwaka 1836 marobota ya manyoya ya alpaka yalikuwa yamelala ghalani Liverpool, hayana mnunuzi kwa kuwa yalikuwa magumu kusokota. Salt akayachukua, akahangaika nayo mpaka akatoa kitambaa kinachong'aa, kikawapendeza mno wanawake wenye nafasi.

Lakini Bradford ya wakati ule! Fikirini jiko la kuni ndani ya chumba kisicho na dirisha. Moshi wa viwanda juu, maji machafu chini. Mwaka 1849, Salt akiwa meya, kipindupindu kikaua mamia ya watu. Akaamua kuhamisha kazi zake zote nje ya mji, penye mto, reli na mfereji wa mashua.

Kiwanda kipya kilifunguliwa tarehe 20 Septemba 1853, siku alipotimiza miaka 50. Pembeni yake zikaota nyumba za mawe, safu kwa safu, zaidi ya 800. Kila nyumba ilikuwa na maji, taa ya gesi, na choo chake uani. Msicheke! Wakati ule mfanyakazi kuwa na choo chake ilikuwa habari ya kusimuliwa.

Na mitaa? Mke wa Salt aliitwa Caroline. Upo mtaa wa Caroline. Watoto wake walikuwa 11. Tembea kidogo utapita George, Fanny, Helen, Mary, Ada. Baba kaandika familia yake kwenye kuta za watu.

Hapo mimi hukuna kichwa. Mtoto wa rika lenu, aishiye mtaa wa Ada, alikuwa na haki ya kusoma nusu siku tu. Nusu nyingine alikuwa kiwandani, maana sheria iliruhusu hivyo tangu umri wa miaka 8. Ada mwenyewe hakusimama kwenye mashine. Mshahara ulitoka mkononi mwa Salt, na kodi ya nyumba ikarudi mkononi mwake. Sisemi alikuwa mbaya. Matajiri wenzake wengi waliwaacha watu wao kwenye moshi. Nasema tu kwamba kijiji chote kilikuwa cha mtu mmoja, na alichokataa yeye hakikuwepo.

Alichokataa hasa ni vilabu vya pombe. Hata kimoja.

Salt alifariki mwaka 1876. Mashine zilinyamaza mwaka 1986, na mwaka uliofuata Jonathan Silver akalinunua jengo na kutundika humo picha za David Hockney, mzaliwa wa Bradford. Mwaka 2001 UNESCO ikaitia Saltaire kwenye orodha ya urithi wa dunia.

Na baa? Ilikuja kufunguliwa humo humo kijijini. Wenyewe wakaipa jina ambalo kwa lugha yetu ni "Usimwambie Titus".