Kulabu Isiyofuata Mawimbi

Msomaji mmoja wa Subukia anauliza: meli ya kuchimba mafuta ikirushwa na mawimbi, mabomba yanayoning'inia chini yake hayakatiki? Alikuwa akiiwazia Deepsea Metro I, meli iliyochimba kisima cha Mbawa kwenye bahari ya Lamu mwaka 2012 kwa kazi ya kampuni ya Apache. Gesi ilipatikana, ila haikufikia kiwango cha biashara. Hayo nawaachia wachumi.

Hayakatiki, kwa sababu kwenye mnara wa meli kama hiyo kuna pistoni kubwa zenye gesi iliyoshindiliwa, zinazobeba mabomba huku meli ikipanda na kushuka. Lakini kinachonikosesha usingizi ni kreni. Chukua mkono wa kreni ambao ncha yake iko mita 30 kutoka katikati ya meli. Meli ikilalia upande kwa digrii 2 tu, ncha hiyo inashuka mita nzima. Mzigo wa tani 200 uliokaribia sakafu ya bahari utabamizwa chini, waya ulegee, kisha wimbi linalofuata liukaze kwa ghafla. Hapo ndipo waya hukatika.

Dawa ni winchi inayokwenda kinyume: ncha ikipanda inaachia waya, ikishuka inavuta. Nimeiita kifidia-mawimbi. Kizuia-mawimbi lingekuwa jina la uongo, maana wimbi halizuiwi. Linalipwa sentimita kwa sentimita.

Fikiria abiria aliyeshika kikombe cha chai ndani ya matatu inayopanda mlima kutoka Subukia kwenda Nakuru. Gari likitumbukia shimoni, mkono wake unainuka. Hangoji chai imwagike. Sikio lake la ndani limeshahisi mwili ukishuka, na mkono umetumwa. Akisinzia, chai imemwagika. Akichelewa nusu sekunde ni balaa zaidi, kwa kuwa mkono utainuka wakati gari nalo linainuka, na mtikisiko utakuwa maradufu. Winchi nayo ikichelewa ni afadhali izimwe.

Sikio la meli ni kijiuzito kilichoshikwa na springi. Meli ikiinuka, kijiuzito kinabaki nyuma kidogo, springi inajikunja, na kompyuta inasoma mchapuko. Mashine za kupima matetemeko, kama lile la Subukia la tarehe 6 Januari 1928 lenye ukubwa wa 6.9, hutumia tabia hiyohiyo ya uzito kubaki nyuma. Hata simu yako inacho kijiuzito cha namna hiyo, kidogo mno.

Sasa utamu wenyewe. Winchi haihitaji mchapuko; inataka kujua meli imepanda mita ngapi. Kompyuta hujumlisha mchapuko ipate kasi, kisha hujumlisha kasi ipate umbali, na kosa nalo linajumlishwa mara mbili. Kihisi kikikosea sentimita 1 tu kwa sekunde kwa sekunde, baada ya dakika moja kompyuta itaamini meli imepaa mita 18 angani! Kwa hiyo programu huchuja: mwendo wa kupanda na kushuka wa sekunde 10 hivi, ambao ndio wa mawimbi, unabaki, wowote unaojikokota polepole unatupwa.

Mawimbi yakizidi mbio za winchi, kazi husimama; mzigo ukibembea upande kwa upande, kifidia hiki hakina msaada.

Na kwa kuwa kujaa na kupwa kwa maji huchukua saa sita hivi, mchujo ule wa programu unavitupa pia pamoja na makosa. Maji yakipwa, anayevuta waya taratibu ni mwendesha kreni mwenyewe.