Ukuta wa dozi: grafu ya dawa ya kifafa

Fenitoini imekuwa ikitibu kifafa tangu 1938. Dawa hii ina tabia inayowaponza hata wazoefu: ukiongeza dozi kidogo, kiwango chake kwenye damu kinaweza kuruka zaidi ya mara mbili. Aliyesoma vikomo anaweza kuiona sababu kwa kuchora grafu, bila hata kikokotoo.

Mhimili wa chini uwe dozi ya siku. Wa wima uwe kiwango kwenye damu baada ya kutulia, yaani pale mwili unapotoa kwa siku kiasi kilekile unachopokea. Sharti la kwanza ni jepesi: dozi ikikaribia sifuri, kiwango nacho hukaribia sifuri. La pili ndilo zito. Fenitoini huvunjwa na vimeng'enya vya ini, na kasi ya vimeng'enya ina mwisho, jambo ambalo Leonor Michaelis na Maud Menten waliliwekea hesabu mjini Berlin mwaka 1913. Tuseme ini la mgonjwa wetu haliwezi kuvunja zaidi ya miligramu 500 kwa siku (kila mtu ana namba yake). Dozi ikiikaribia 500 kutoka kushoto, kiwango hupanda bila ukomo.

Basi chora mstari wa nukta nukta, wima, penye 500. Anzia sifuri, panda taratibu, kisha pinda juu kwa ukali ukiufuata mstari huo bila kuugusa.

Tuweke namba zinazokaribia za vitabuni: zidisha dozi kwa 4, kisha gawa kwa kiasi kilichobaki kufika 500. Dozi ya 300 inatoa miligramu 6 kwa lita. 400 inatoa 16, ndani ya kiwango kinacholengwa cha 10 hadi 20. Ongeza 50 tu, unapata 36. Hapo macho huchezacheza, ulimi huwa mzito, na mgonjwa huyumba mpaka majirani wadhani amelewa. Kwa dawa nyingi nyingine grafu ni mstari mnyoofu: dozi mara mbili, kiwango mara mbili.

Kibaya zaidi, karibu na ukuta kiwango huchelewa kutulia. Kwenye 300 ni suala la siku chache. Kwenye 450 ni wiki kadhaa, hivyo kipimo cha damu cha wiki ya kwanza kinaweza kumdanganya daktari. Ndiyo maana vidonge vya miligramu 25 vina kazi: huongezwa kimoja, halafu watu wanasubiri.

Je, kulia kwa ukuta? Fomyula inatoa tawi la chini, linalotoka kwenye hasi isiyo na mwisho na kupanda kuelekea hasi 4. Mwanafunzi akilichora anapata alama zake. Mwilini tawi hilo halipo: kiwango hakitulii kamwe, dawa hulimbikizana siku hadi siku mpaka dozi ipunguzwe.