Usingizi wa Mgonjwa wa Moyo

Wengi hudhani kazi ya mtoa dawa ya usingizi ni kuchoma sindano na kungoja. Sisi tunaojifunza kazi hii kwa wagonjwa wa moyo huulizwa kwanza: valvu yake ina kasoro gani?

Homa ya baridi yabisi, ambayo hufuata maumivu ya koo ya utotoni yasiyotibiwa, huweza kuharibu valvu. Ile iliyo kati ya vyumba viwili vya kushoto ikiwa nyembamba, moyo usiende mbio, maana damu hukosa nafasi ya kupita na mapafu hujaa maji. Lakini valvu hiyohiyo ikiwa inavuja, moyo wa polepole ndio hatari. Basi dawa inayomfaa huyu yaweza kumdhuru jirani yake wa kitanda. Hapo ndipo tunapokesha na vitabu.

Kisha ipo mashine inayoshika kazi ya moyo na mapafu, ambayo John Gibbon aliitumia kwa mafanikio huko Philadelphia, Marekani, mwaka 1953. Kabla ya kuiwasha tunatoa heparini na kupima damu. Ikiganda humo, mgonjwa amekwisha. Mwishoni protamini huirudishia damu uwezo wa kuganda, nayo hutolewa polepole, isije ikashusha presha ghafla.

Nanyi jamaa, tuambieni dawa zote anazotumia, hata za miti shamba. Na tafadhali, msimpitishie uji kisirisiri asubuhi ya upasuaji: ukipanda kooni akiwa usingizini, huingia mapafuni.