Corona iliporudisha vijana Ainabkoi: ‘Si uko nyumbani? Shika hii ndoo’

KABLA ya Machi 2020, ungemwambia mtu wa Ainabkoi kwamba unafanyia kazi nyumbani, angeshangaa unatangaza nini. Huku karibu kila mtu hufanyia kazi nyumbani. Ng’ombe wako nyuma ya jikoni, viazi viko hapo chini ya boma, na mahindi yakikomaa hayaulizi leo ni siku gani. Kilichokuwa kigeni ni mtu mzima kukaa ndani ya nyumba, mlango umefungwa, asubuhi hadi jioni, akisema yuko kazini.

Kisa cha kwanza cha corona nchini kilitangazwa Machi 13. Siku mbili baadaye Rais Uhuru Kenyatta akafunga shule na vyuo, akawataka waajiri wawaache watu wafanyie kazi kwao. Machi 27 kafyu ikaanza, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Aprili 6 Nairobi ikafungwa: aliye ndani asitoke, aliye nje asiingie. Waliokuwa na akili ya haraka walikuwa wameshapanda matatu na begi moja.

Kwa wiki tatu hivi, maboma yaliyokuwa na wazazi, kogo na mtoto mmoja yakajaa. Mwanafunzi wa chuo amerudi. Mwalimu wa shule ya kibinafsi amerudi, na mshahara hakuna. Dada wa ofisi amerudi na laptopu yake. Kisha kuna mwanariadha, na huyu lazima tumzungumzie, maana huku kwetu naye ni mfanyakazi kama wengine.

Kambi za riadha zilifungwa. Kaptagat, ambako mtu hulala kambini kuanzia Jumatatu na kuonekana kwake wikendi, ikanyamaza. Hata Eliud Kipchoge, ambaye maisha yake kwa miaka yamekuwa hayo ya kambini na kurudi Eldoret mwisho wa wiki, alilazimika kukimbia peke yake. London Marathon iliyokuwa ifanyike Aprili 26 ilisukumwa hadi Oktoba 4. Kipchoge ana jina na wadhamini. Lakini yule kijana anayetegemea mbio mbili tatu za Ulaya kwa mwaka ndiyo alipe karo za wadogo wake, huyo alibaki na viatu tu. Akawa yuko nyumbani Jumanne, watoto wake wakimtazama kama mgeni, na mke anashangaa kumbe huyu mtu hulala mchana. (Hulala kweli. Kupumzika ni sehemu ya mazoezi, ila jaribu kumweleza hivyo mama mkwe aliyebeba kuni.)

Vita vikubwa hata hivyo vilikuwa vya laptopu. Dada amejifungia chumbani, yuko kwa Zoom na wakubwa wake. Mama anabisha.

“Wewe si uko nyumbani? Shika hii ndoo.”

“Mama, niko kwa mkutano.”

“Mkutano gani na uko peke yako?”

Na mama hakuwa mjinga, wala hakuwa na ubaya. Maisha yake yote kazi ni kitu kinachoonekana: ndoo imejaa, gunia limeshonwa, shamba limepaliliwa. Mtu aliyekaa akitazama kioo hana cha kuonyesha jioni. Nilichokiona katika maboma kadhaa ni kwamba kubisha mlango kulipungua mwisho wa mwezi, pesa zilipoingia kwa simu na mtu akalipia unga na dawa ya ng’ombe. Mwanafunzi wa chuo aliyekuwa kwa masomo ya mtandaoni hakuwa na bahati hiyo. Yeye aliitwa kila dakika kumi, maana somo halina M-Pesa.

Mtandao nao, mazee! Kuna maboma ambayo simu inashika ukiwa umesimama kwenye ua tu, kando ya tanki, na baridi ya Ainabkoi si ya kusimama nje saa nzima. Stima ikipotea, betri ina saa mbili. Bando ilikuwa na kikao chake: mmoja anaomba ya darasa, mwingine ya kazi, na wa tatu, tuseme ukweli, ya TikTok.

Julai mwaka huo ndipo maputo yakaja. Kampuni ya Loon, ndugu yake Google chini ya Alphabet, ikishirikiana na Telkom, ilirusha maputo ya kusambaza intaneti yakielea karibu kilomita 20 angani, na Eldoret ilikuwa miongoni mwa maeneo yaliyotajwa. Vijana walitazama juu sana siku hizo. Januari 2021 Alphabet ikatangaza inafunga mradi, na kufikia Machi huduma ikaisha.

Jambo ambalo halikusemwa vya kutosha ni wasichana. Nyumba ikijaa watu wanane, mtu fulani anapika kwa watu wanane, na si kaka. Vipindi vya masomo vilipeperushwa kwenye redio ya KBC na runinga ya Edu Channel, lakini msichana wa darasa la nane alisikiliza somo la hisabati akimenya viazi, kaka yake wa kidato cha pili yuko barabarani anajifunza bodaboda. Watahiniwa walirudi shuleni Oktoba 12, KCPE ikafanywa Machi 2021. Wengine walirudi Januari 4. Kuna madawati ambayo yalibaki wazi, na mengi yalikuwa ya wasichana tunaowajua kwa majina.

Kafyu iliondolewa Oktoba 20, 2021. Wa ofisi wengi walirejea mjini, wanariadha kambini. Lakini baadhi ya vijana walibaki na kazi za mtandaoni: kunakili sauti, kuandika, kuhudumia wateja wa ng’ambo. Wanaofaulu ni wale walioelewana na wazazi waziwazi. Kwa mmoja ninayemjua mkataba ni huu: kukamua ni kwake alfajiri, saa tatu hadi saa tisa haitwi na mtu, na bili ya maji ni yake. Dadake mdogo naye ana saa mbili za kitabu jioni, na kwa muda huo vyombo huoshwa na kaka.