Naweka Cha Juu, Lakini Siri Siweki Tena

Tuambizane ukweli, mpenzi msomaji. Mshahara wa mjini unaingia tarehe 25, ikifika tarehe 5 umebaki kumbukumbu. Ndiyo maana kila ofisi ina dada anayeuza vitenge chini ya meza na kaka anayeleta mayai kila Jumatatu. Mimi sikuwa na mtaji wa vitenge. Nilichokuwa nacho ni simu, mdomo, na namba za watu wanaojua kazi zao.

Basi nikaanza kuuza kazi za wenzangu.

Usicheke, hii ni biashara kamili. Mtu anataka kadi ya harusi, nembo ya duka au tafsiri ya mkataba. Wewe hata duara huwezi kuchora. Unachukua oda, unampa fundi anayejitegemea, unaweka cha juu, unakabidhi. Mawinga wa Kariakoo wanaishi hivyohivyo kwa nguo na viatu, tofauti ni kwamba mzigo wangu unatumwa kwa WhatsApp. Hata wakubwa wa dunia wanafanya. Soko la mtandaoni la Fiverr lilianzia Israel mwaka 2010 na huduma za dola 5, na hadi leo linachukua asilimia 20 ya malipo ya kila anayeuza kazi yake pale. Wapo wanaonunua kazi hapo na kuziuza tena kwa wateja wa mitaani kwao. Mimi mafundi wangu walikuwa Sinza, si Israel, lakini mchezo ni uleule.

Kilichoniponza si cha juu. Kilichoniponza ni uongo niliouzungushia hicho cha juu.

Hesabu tamu

Kadi zilikuwa ndizo ugali wangu. Unajua harusi zetu: kwanza kadi ya mchango, kisha vikao vya kamati, halafu kadi ya mwaliko yenye "single" na "double" yake. Mchoro mmoja nilimtoza mteja shilingi 60,000. Kijana wangu wa Sinza nilimpa 25,000. Nikitoa vocha na bodaboda, zinanibaki 28,000. Kazi nne kwa mwezi, 112,000 mfukoni, na bosi wangu hana habari kwa sababu yote nafanya usiku.

Siku moja yule kijana akaniuliza, "Dada, hawa wateja huwa wanakulipa ngapi?" Nikamjibu bila kupepesa macho, "Thelathini tu, mdogo wangu. Mimi napata hiyo buku tano." Mdomo ulikuwa mwepesi kuliko akili.

Fundi wa saa sita usiku

Uongo wa pili ulikuwa nyumbani. Mwaka mmoja kabla, mimi na mume wangu tulifuga kuku, wakafa karibu wote ndani ya wiki mbili. Mradi ulikuwa wazo langu, na kwenye kila ugomvi wale kuku walifufuka. Nikajiapiza safari hii sisemi kitu mpaka nifanikiwe kwanza.

Kwenye simu nilimwandika yule kijana "Fundi". Usiku mmoja saa sita simu ikawaka mezani: "Nimemaliza. Nikutumie sasa hivi au umelala?" Mume wangu akaisoma kabla yangu.

"Fundi gani huyu?"

"Wa cherehani."

Akaniangalia, akageukia ukutani. Shosti, mwanaume akinyamaza hivyo, jua kuna faili limefunguliwa.

Jumamosi ya tarehe 17

Novemba 2023 nikapata kazi nono: kadi 200 za mwaliko, kuchora na kuchapa. Mchoro ulipokaribia kuisha, kijana wangu akakutana na ndugu wa bibi harusi kanisani. Wakapiga stori, ndugu akajisifia kadi inavyopendeza, "ila mchoro peke yake tumelipa elfu sitini." Kuanzia jioni ile simu yangu ikaita bila kupokelewa.

Nikatafuta fundi mwingine mbiombio. Maelezo ya harusi yalikuwa kwenye ujumbe wa sauti wa mteja, nikamrushia hivyohivyo. Akarudisha kadi nikiwa kwenye kikao cha ofisi. Nikaitupia jicho chini ya meza, nikaona maua yamekaa vizuri, nikaandika, "Safi, chapa."

Siku mbili baadaye akanipigia mwenyekiti wa kamati. "Shikamoo, mzee." "Marahaba, mwanangu. Hebu nisaidie. Hii Jumamosi ya tarehe 17 Desemba iko kwenye kalenda ya nchi gani?"

Jumamosi ilikuwa tarehe 16. Kadi zote 200 zilikuwa uchafu.

Ningeweza kumtupia lawama fundi. Lakini mteja hakumlipa fundi, alinilipa mimi, na aliyesema "chapa" ni mimi. Kuchapa upya ilikuwa shilingi 700 kwa kadi, jumla 140,000. Yaani faida ya kazi tano imeondoka kwa tarakimu moja! Mfukoni sikuwa nayo. Nikaichota kwenye hela ya kodi ya nyumba, ile ya miezi sita tuliyokuwa tunaijaza wote wawili kwenye akaunti yangu.

Kikao cha sebuleni

Januari tukakaa kuhesabu. Ilitakiwa 2,100,000. Ilikuwepo 1,960,000. Mume wangu hakupiga kelele. Aliuliza kwa sauti ya chini, "Umempa yule fundi?"

Hapo ndipo nilipoelewa amekuwa akiishi na nini kichwani tangu usiku ule. Mimi nilidhani naficha biashara, mwenzangu alikuwa anaona mwanaume. Nikaleta daftari, kadi zenye tarehe 17, na simu ikiwa wazi. Nikaeleza kuanzia kuku mpaka kadi. Akasoma ukurasa baada ya ukurasa, kisha akasema, "Hela ikipotea tutaitafuta. Lakini miezi miwili nimelala na maswali pembeni yako, na wewe ulikuwa unaona."

Sikuwa na jibu. Na yeye, baada ya kimya kirefu, akakiri kwamba habari ya kuku aliikuza kuliko ilivyostahili. Hatukumaliza siku ile, sitakudanganya. Ilichukua wiki kadhaa mpaka simu ikiwaka usiku asishtuke. Pengo la kodi tulilijaza kwa mshahara wangu wa mwezi ule, tukala maharage sana.

Wiki ileile nikapanda daladala mpaka Sinza kumwomba radhi yule kijana. Nilijiandaa kuambiwa ni mnyonyaji. Akaniambia, "Dada, mteja unamtafuta wewe, lazima ule. Sikukasirikia elfu sitini. Nilikasirikia ile thelathini uliyonitajia." Tukapatana upya: 35,000 yake, 25,000 yangu, na mteja akibadili mawazo zaidi ya mara mbili analipia nyongeza inayokwenda kwa fundi. Napata kidogo kwa kila kazi, lakini simu yangu inapokelewa.

Kama na wewe unataka kuanza

Ujue unacholipwa. Cha juu si malipo ya kujua bei ya pande zote mbili. Ni malipo ya kutafuta mteja, kukagua kazi, na kubeba msala ikiharibika. Kama huko tayari kubeba msala, mpe mteja namba ya fundi tu, akupe ya soda.

Usidanganye bei. Si lazima umtangazie kila mtu unachobaki nacho. Lakini ukiulizwa, sema ukweli au sema "hiyo ni hesabu yangu". Na mteja mwambie mapema kwamba una mafundi unaofanya nao kazi.

Soma herufi kwa herufi. Majina, tarehe, siku, ukumbi, namba za simu. Mteja aandike mwenyewe, si kwa sauti, na athibitishe mchoro wa mwisho kabla ya kuchapa.

Tenga hela ya msala. Kila kazi naweka pembeni 5,000. Siku kadi zikikosewa tena, kodi ya nyumba haiguswi.

Andikianeni. Hata karatasi moja inatosha: bei, siku ya kukabidhi, na mchoro unakuwa mali ya nani. Kazi za sanaa zinalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, kwa hiyo usimuuzie mtu nembo iliyonakiliwa sehemu.

Ukikua, jirasimishe. Makampuni yatakuuliza TIN ya TRA na jina la biashara lililosajiliwa BRELA. Anza mapema kabla ya kukosa zabuni nzuri.

Na la mwisho, mwambie mwenzako. Si lazima akubali siku hiyohiyo. Wangu alinuna kwanza, sasa ndiye anayesoma kadi kabla sijasema "chapa", na macho yake ni makali kuliko yangu. Juzi alikamata jina la bwana harusi limekosewa herufi moja.

Yule kijana kwenye simu yangu sasa ameandikwa kwa jina lake kamili, na chini yake, "kadi". Wewe je, kwenye simu yako kuna "Fundi" wangapi?