Steshenari, Wakala na Funguo za Akaunti Yako

Dirisha la maombi ya mikopo ya elimu ya juu linapofunguliwa, steshenari za Korogwe mjini, Mombo, Chanika na Mkata, katika wilaya za Korogwe na Handeni, hujaa vijana. Wapo walioshuka kutoka Bungu na waliotoka Kwamsisi na gari la asubuhi, vyeti vyao vikiwa ndani ya bahasha ya kaki. Kwenye foleni hiyohiyo utamkuta baba anayetafuta TIN, mama wa kikundi anayeomba mkopo wa asilimia kumi wa halmashauri, na mhitimu wa ualimu anayefungua akaunti ya kuombea ajira serikalini. Mwenye steshenari anamwuliza kila mmoja maswali yaleyale: una barua pepe? Namba ya NIDA? Namba ya simu? Asiye na barua pepe anafunguliwa papo hapo, tena kwa nywila anayoitunga mwenye steshenari mwenyewe. Kazi inakwisha, mteja analipa, anaondoka na karatasi yake. Funguo zake zinabaki kwenye kompyuta ya mtu mwingine.

Hali hii haikuja kwa uzembe wa wananchi. Kebo za baharini za SEACOM mwaka 2009 na EASSy mwaka 2010 ziliifungulia Tanzania intaneti ya kasi, na Mkongo wa Taifa ukaisambaza hadi mikoani. Mei 2023 Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote ulisaini mikataba ya kujenga minara 758 vijijini nchi nzima. Huduma za Serikali nazo zikahamia mtandaoni. Tangu 2017 malipo ya Serikali yamekuwa yakiingizwa kwenye mfumo mmoja wa kontro namba. Leseni ya biashara ya halmashauri huombwa kwenye mfumo wa TAUSI, zabuni kwenye NeST, mkopo wa chuo kwenye mfumo wa Bodi ya Mikopo. Mkulima wa mahindi anayetaka mbolea ya ruzuku, iliyoanza msimu wa 2022/23, husajiliwa kwenye mfumo na kupewa namba ya kununulia.

Minara ilifika, mifumo ikafika, lakini kompyuta na skana hazikufika kila nyumba. Kijana mwenye simu janja na bando la siku ataingia WhatsApp na TikTok bila msaada wa mtu. Akitakiwa kupakia cheti kilichoskaniwa, kuchapa fomu, kuisainisha kwa mtendaji wa kijiji na kuirudisha kwenye mfumo kabla ya tarehe ya mwisho, hana budi kwenda steshenari. Mwenye kitochi ndiyo kabisa.

Wazee wanakumbuka enzi za barua zilizopitia S.L.P. ya shule ya msingi, mwalimu akizigawa mchana. Mwalimu yule alishika bahasha iliyofungwa, akaikabidhi, kazi yake ikaishia hapo. Mwenye steshenari wa leo anabaki na uwezo wa kuifungua bahasha yako mwakani, na mwaka utakaofuata, bila wewe kujua.

Namba ya NIDA inasema nini juu yako

Namba ya Kitambulisho cha Taifa ina tarakimu 20. Nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa. Aliyeiona namba yako ameiona tarehe yako ya kuzaliwa. Sasa fikiria ni wangapi wetu tumeweka mwaka wa kuzaliwa kuwa namba ya siri ya M-Pesa, Airtel Money au HaloPesa, kwa sababu hausahauliki. Kwenye daftari la wakala wa fedha za simu au faili la steshenari, namba ya NIDA ikikaa mstari mmoja na namba ya simu, mwizi amepewa simu ya kulenga na kisio la kwanza la namba ya siri. Ukitoka na jambo moja tu katika makala haya, liwe hili: kama namba yako ya siri ni mwaka wako wa kuzaliwa, ibadilishe leo.

Namba hiyohiyo ya NIDA, ikiambatana na alama ya kidole, ndiyo inayosajili laini. Tangu usajili wa alama za vidole uliokuwa na ukomo wa Januari 20, 2020, laini isiyosajiliwa hivyo hufungwa. Utaratibu ule ulikusudiwa kuwabana matapeli, nao wakautafutia njia. Wakala wa kusajili laini asiye mwaminifu anakwambia alama haijasoma, weka kidole tena, kisha tena. Kidole cha kwanza kimesajili laini yako. Cha pili huenda kimesajili laini nyingine itakayouzwa kwa mtu usiyemjua, naye atatuma ujumbe wa "mimi mwenye nyumba wako, ile kodi tuma kwenye namba hii" kwa jina lako. Polisi wakifuatilia, jina watakalolikuta ni lako.

Mlango wa nyuma wa akaunti

Watu wengi hudhani usalama wa akaunti ni nywila tu. Kila akaunti ya mtandaoni ina njia ya pili ya kuingilia kwa ajili ya aliyesahau nywila. Ukibonyeza kitufe cha kusahau, mfumo hutuma kiungo kwenye barua pepe au tarakimu za mara moja kwenye simu, na anayezipokea anaweka nywila mpya. Kwa hiyo mwenye akaunti ya kweli ni yule anayeshika barua pepe na namba ya simu iliyoandikwa humo.

Rudi sasa kwa kijana wetu kutoka Bungu. Barua pepe yake ilifunguliwa na mwenye steshenari, na kwa haraka ya foleni namba ya simu iliyojazwa ni ya steshenari. Miezi mitatu baadaye Bodi ya Mikopo inamtaka arekebishe kasoro kwenye maombi, au anaitwa kwenye usaili wa kazi. Ujumbe unaingia kwenye barua pepe asiyoweza kuifungua. Hakuna aliyemwibia chochote, lakini nafasi imempita. Madhara ya namna hii hayatangazwi, wala hayafiki polisi, na kwa mtoto wa mkulima yanaweza kuwa makubwa kuliko wizi wa fedha.

Namba ya simu nayo ina hatari yake. Laini isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa na namba yake huuzwa upya. Ukibadili laini bila kubadilisha namba kwenye akaunti zako, tarakimu za mara moja zitaanza kumfikia mgeni.

Taarifa za jirani yako

Mbali na steshenari na mawakala, zipo pia programu za mikopo ya simu. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha mtandaoni bila leseni. Programu za namna hii, unapozipakua, huomba ruhusa ya kusoma majina yote yaliyomo kwenye simu. Ukichelewa kurejesha, ujumbe wa kukudhalilisha unatumwa kwa mama mkwe, kwa mwajiri, kwa mwenyekiti wa kitongoji. Watu tumezoea kuita mikopo mibaya kausha damu. Hii inakausha na heshima ya watu ambao hawakukopa hata shilingi. Kabla ya kubonyeza neno la kuruhusu, soma kinachoombwa. Programu ya kukopesha fedha haina haja ya majina ya ndugu zako.

Sheria ipo

Bunge lilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika Mei 1, 2023. Tume inayoisimamia ilizinduliwa rasmi na Rais Samia Suluhu Hassan Aprili 3, 2024. Msingi wa sheria hii umo katika ibara ya 16 ya Katiba, inayolinda faragha ya mtu. Sheria inamtaka anayekusanya au kuchakata taarifa za watu ajisajili kwenye Tume, akusanye kwa kusudi halali linalojulikana, asizitumie kwa jambo jingine, na azilinde. Mwenye taarifa ana haki ya kujua zilizopo, kutaka zirekebishwe zikiwa na makosa, na kulalamika kwa Tume.

Wengi wanaiona sheria hii kuwa ya mabenki na kampuni za simu. Haikuwaacha nje wenye steshenari. Faili lenye vyeti, picha na namba za NIDA za wanafunzi mia moja ni hazina ya taarifa binafsi, liwe kwenye jengo la ghorofa Dar es Salaam au kwenye fremu moja karibu na stendi ya Korogwe.

Sisemi haya kuwashushia hadhi wenye steshenari na mawakala. Wamebeba kazi ambayo hakuna ofisi iliyojitokeza kuibeba. Bila wao, vijana wengi wa Handeni na Korogwe wasingefika chuoni. Hao ndio wenye sababu kubwa zaidi ya kuilinda imani ya wateja, maana biashara yao yote inasimama juu yake.

La kufanya

Ukienda steshenari, nenda na barua pepe yako uliyoifungua mwenyewe kwenye simu, au kwa msaada wa mwanao. Andika nywila kwa mkono wako, usiitamke kaunta. Hakikisha namba ya simu iliyojazwa ni yako. Kazi ikiisha, omba akaunti yako itolewe kwenye kompyuta ile na mafaili yako yafutwe mbele ya macho yako, pamoja na yale yaliyotupwa kwenye kapu la kompyuta. Ukifika nyumbani badilisha nywila. Tarakimu za mara moja usimsomee mtu yeyote, hata ajiite ofisa wa mtandao wa simu.

Piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa namba yako ya NIDA. Ukiona usiyoijua, nenda duka la mtandao husika waifute. Ujumbe wa kitapeli uupeleke pamoja na namba iliyoutuma kwenda 15040, ni bure, tena ni bora kuliko kuufuta, tapeli akabaki kumnasa jirani.

Kwa wenye steshenari: wekeni nywila kwenye kompyuta, futeni mafaili ya wateja kila jioni, msimfungulie mtu barua pepe kwa namba yenu. Kwa mawakala: daftari lisikae wazi kaunta, kila anayepanga foleni akasoma jina, namba na kiasi cha aliyemtangulia.

Halmashauri nne za wilaya hizi, Handeni Mji na Vijijini, Korogwe Mji na Vijijini, zina maofisa biashara wanaotoa leseni kwa biashara hizo. Karatasi moja ya masharti ya kulinda taarifa za wateja, ikitolewa pamoja na leseni, haihitaji bajeti wala mradi wa wafadhili. Nawaomba waanze na wenye leseni zitakazohuishwa mwaka huu. Wewe msomaji usiwasubiri: namba ya siri, barua pepe na laini ni vyako, na wa kwanza kuvilinda ni wewe.