Kanzu ya Samweli na Sare ya Mwanao

Kila mwaka Hana alimshonea mwanawe Samweli kanzu ndogo, akampelekea huko Shilo. Alijua ya kuwa mtoto hukua, na kanzu ya jana haimtoshi tena. Basi alijitayarisha mapema.

Januari shule zifunguliwapo, huku kwetu Malindi na Kilifi korosho bado zaokotwa, na fedha za Krismasi zimekwisha. Ndipo mzazi asemapo, "Mtoto akae kwanza, sare hana." Wiki ikawa mwezi, na binti aliyezoea kukaa nyumbani, kumrudisha darasani ni kazi.

Wazazi, fahamuni: Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 yakataza shule ya serikali kutoza karo ya masomo, wala mtoto asizuiwe kuhudhuria kwa sababu michango mingine haijalipwa. Basi usimfungie mtoto nyumbani kwa haya. Shule zikifungwa tu, mjaribishe sare ya zamani: ikiwa fupi, shusha upindo, ikiwa haimwingii, apewe mdogo wake. Kila uuzapo korosho, tenga kidogo cha madaftari. Ukikwama, mwendee mwalimu mkuu kabla ya siku ya kufungua, mseme naye.

Nanyi walimu, mtoto ajaye na nguo iliyochakaa amekuja kusoma. Msimwaibishe mbele ya wenzake. Neno moja la siku ya kwanza laweza kumrudisha nyumbani asionekane tena.

Mungu awabariki, na awalinde watoto wetu.